Soya ya Upande wa Matanga

"Mkenya, bado unauma mbegu?"

Sauti hiyo ilinikuta na mfupa wa mbuzi mdomoni, katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat hapa Juba, pale Waganda wanapochoma nyama na Waethiopia wanapomimina kahawa, na ukiita "Mkenya" nusu ya ukumbi inageuka. Niligeuka na mimi. Mlangoni alisimama mwanamke mnene, kitambaa cha njano kichwani, mkono kiunoni, anacheka kabla hata sijamjibu. Kiden. Haki ya Mungu, uso ningeweza kuusahau, lakini kile kicheko hapana. Hatukuwa tumeonana tangu alipoolewa upande wa Adjumani, Uganda, na hapo katikati sote wawili tumezaa, tumenenepa, tumeota mvi. Nilimkumbatia mfupa ukiwa bado mkononi, mafuta yakamwingia kwenye blauzi, akanitukana kwa Kiarabu cha Juba, nikamtukana kwa Kiswahili cha Nakuru, tukaketi. Wanangu hawaniamini ninapowaambia kwamba mwaka niliofurahi kuliko yote maishani mwangu ni mwaka wa soya. Wanadhani mama yao angetaja mwaka wa harusi. Sasa wacha niseme ukweli: harusi yenyewe ilikuwa nzuri, lakini siku nzima nilikalishwa kwenye kiti. Mwaka wa soya sikukaa.

Ghala la soya tulilofanyia kazi lilikuwa mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, jengo la mabati lenye chumba kikubwa cha magunia na chumba kidogo cha nyuma, ambamo mimi na Kiden tulilala. Nilikuwa nimerudi juzi juzi tu kutoka Kenya, nchi yangu Sudan Kusini naijua kwa kuhadithiwa, ndiyo maana wakaniita Mkenya, Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya. Kiden alikuwa amekulia Uganda, anajua Kibari, Kiarabu, na Kiswahili kile chao cha "mimi iko", ambacho nilikicheka mwezi mzima mpaka siku moja nikajisikia mwenyewe nikimwambia mwenye bodaboda "mimi iko hapa". Kiden alianguka chini kwa kicheko. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi, yenye sukari nyingi kama ilivyo Juba, na mkate wa jana. Mchana tulikula asida, ugali wa huku, na mchuzi wa bamia kavu, ule wa kuvutika, tunachota kwa vidole huku tumesimama, kwa sababu mwenye ghala hakuona haja ya viti. Ukuta wa mabati ulikuwa mwembamba, na nje yake walikaa akina mama wauza samaki. Tulisikia kila walichosema, na mara nyingi walikuwa wanatusema sisi.

Mwenye ghala alikuwa Mama Keji. Naye alitoka uhamishoni Uganda, akarudi na gunia la mbegu za soya na wazo moja kichwani ambalo halikumpa usingizi: kwa nini kila mvua zinapokaribia watu wa hapa wasubiri lori la mbegu litoke ng'ambo ya mpaka, kana kwamba udongo wetu hauwezi kuzaa mbegu yake? Soya wengi waliijua kambini, kwenye uji wa watoto. Mama Keji akawapa mbegu wakulima wa Nesitu, kule kwenye barabara ya kwenda mpakani Nimule, wapande, wavune, wamrudishie, na yeye auze mbegu iliyozaliwa hapa kwa wale wanaowagawia wakulima wa vijijini. Mwenyewe alilima shamba kubwa kuliko wote. Watu walimwambia haiwezekani. Ukimwambia Mama Keji haiwezekani, umempa chakula cha wiki nzima.

Kazi yangu ilikuwa kupokea magunia, na siku ya kwanza alinifundisha kwa dakika moja.

"Mkenya, meno yako iko wapi? Chukua hii. Uma."

Niliuma. Ikasema tak.

"Umesikia? Imelia. Hiyo iko kavu, hiyo iko mbegu. Kama hailii, rudisha kwa jua."

Hivyo ndivyo walivyopima mtama na mahindi toka kwa bibi zao, na soya wakaipima hivyo hivyo. Mbegu lazima ilie. Mkulima akileta gunia linalolia vizuri anasifiwa mbele ya watu, na gunia lisilolia vizuri linachekwa. Wakulima wenyewe walishindana. Wangeleta soya iliyokauka mpaka ukiitikisa inasikika kama changarawe, safi, ya njano, haina hata kipande cha ganda, na wangesimama hapo wakingoja nijaribu meno yangu. Niliipenda kazi ile. Hata sasa nikiwa sokoni mkono wangu unaenda wenyewe kwenye gunia la mtu, na wauzaji wananitazama vibaya.

Kisha zikanyesha mvua za mwanzo, zile za kujaribu, na Mama Keji akapanda kipande kidogo Nesitu kwa mbegu zetu ili amwonyeshe mnunuzi. Mnunuzi tulimwita Ustaz, kama mtu aliyesoma anavyoitwa Juba. Alikuwa mtu wa upole, shati limepigwa pasi hata kwenye vumbi, na shida yake kubwa kwetu ni kwamba alikuwa na haki. Tulienda naye kutazama. Mstari mmoja umeota wote, unapendeza. Unaofuata una mapengo kama kinywa cha mzee. Unaofuata, kweupe, udongo mtupu, na ukichimbua unakuta mbegu imeoza inanuka. Mbegu aina moja, shamba moja, zimepandwa siku moja na mkono mmoja.

"Mama," Ustaz alisema, na alisema kwa heshima, "mkulima nikimpa mbegu hii, mwingine atabarikiwa na mwingine atakula njaa, na wote watasema ni mimi. Nikuambie kweli. Mvua kubwa zikishuka kabla hujanionyesha mbegu inayoota sawasawa, naita lori kutoka Uganda. Na mwaka ujao sitakuja kuuliza tena."

"Kalas," alisema Mama Keji. Basi. Akaingia garini. Sote tulijua maana yake. Ustaz asipochukua, hakuna mwingine wa kuchukua, na bila wa kuchukua ghala linafungwa, wakulima wa Nesitu wanarudi kungoja lori, na lile wazo la kurudi nyumbani na gunia moja linakufa hapo hapo mbele ya waliosema haiwezekani.

Wauza samaki walijua kabla hatujashuka garini. "Soya ya Mama Keji imelogwa," mmoja alisema nyuma ya mabati. "Imelogwa wapi," mwingine akajibu, "soya ni chakula cha kambini, imekataa kurudi nyumbani." Wakacheka. Kiden alitaka kutoka nje kupigana. Mimi, na hili sijui kama ni la kujisifu, nilikuwa na furaha. Si furaha ya kuona Mama Keji anaumia, Mungu anisamehe, bali ile ya mtu aliyepewa fumbo. Magunia yale yote mbele yangu yalifanana kama mapacha, na ndani yake mengine yalikuwa hai na mengine maiti, na hakuna jicho la kuona. Nilitaka kujua. Nilitaka kujua mpaka nikasahau kula, jambo ambalo waliokula nami wanajua si la kawaida.

Tulichana shuka kuukuu la Kiden vipande vipande. Kila kipande tukakilowesha, tukapanga mbegu za gunia moja, tukakiviringisha kama chapati, tukakiwekea alama ya mkaa ya gunia lake, tukavisukuma vyote chini ya vitanda vyetu ambako kuna baridi kidogo. Tukawa tunalala juu ya mbegu kama kuku. Halafu tukaanza kubishana. Kiden alisema ni mvua: kuna wakulima waliochelewa kuvuna, maganda yakanyeshewa yakakauka yakanyeshewa tena, mbegu ikapata madoa ya zambarau. Mimi nilisema ni mabati: magunia yaliyoegemea ukuta yanapikwa na jua mchana kutwa, wewe mwenyewe huwezi kuegemea pale. Siku ya kufungua vitambaa tuliamka kabla ya wauza samaki. Sijui nikuelezeje. Unakunjua kitambaa, na ndani yake mbegu zote zimetoa mkia mweupe, zote, zinakutazama. Unakunjua kingine, uji wa kuoza. Tulikuwa tukipiga kelele za wendawazimu, "Hai! Hai! Maiti!" mpaka Mama Keji akaja na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Na tukagundua kwamba wote wawili tuko sawa, na wote wawili hatuko sawa. Mbegu za madoa ya zambarau ziliota vibaya, kweli. Magunia ya ukutani yalikuwa dhaifu kuliko ya katikati, kweli pia, na siku hiyo hiyo tuliyavuta yote mbali na mabati tukayaweka juu ya mbao. Lakini hata ukiyatoa hayo, pale katikati ya ghala, penye kivuli, palikuwa na magunia yasiyo na doa, yanayolia vizuri ajabu mdomoni, na yamekufa. Na yale yaliyoota vizuri kuliko yote ndiyo yaliyonitia wazimu, kwa sababu yalikuwa mabaya kwa sura. Yana vipande vya maganda na vijiti, na ukiuma mbegu zake hazisemi tak, zinabonyea tu kidogo chini ya jino. Haikuwa mbegu mbichi, la, lakini haikulia. Yalikuwa yamepokelewa kwa huruma. Majina ya wenyewe yalikuwa yameandikwa kwa mkaa kwenye magunia, na nilipoyapanga mazima kulia na maiti kushoto, nikapita nikiyasoma, nikarudi nikayasoma tena.

"Kiden. Hawa wa kulia wote wanakaa upande mmoja wa barabara."

"Upande gani?"

"Upande wa matanga."

Ndivyo tulivyokuwa tukiuita siku zile, kwa sababu wakati wa mavuno mmoja wa wakulima wetu, Mama Poni, alikuwa amefiwa na mumewe, na nyumba yake iko upande wa kushoto wa barabara ukitoka Juba. Mama Keji alikwenda kuzika na kurudi, magunia ya upande ule yakachelewa, tukasema pole, tukasahau. Nani angefikiri kwamba msiba na mbegu vina habari moja? Kiden akasema papo hapo, "Ni udongo. Udongo wa upande ule ni mweusi." Nikasema si udongo. Hakuna aliyekuwa na sababu yoyote. Tukawekeana dau la sahani ya samaki wa kukaanga, tukamwomba Mama Keji gari, na yeye akatupa funguo bila hata kuuliza. Hapo ndipo nilipojua amekata tamaa, maana gari lile hakuwahi kumpa mtu.

Mama Poni alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye ulimi. Alitukuta uani kwake akatuangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Nyuma yake lilikuwa kaburi la mume wake, limesakafiwa juzi tu, na pembeni yake bustani ambayo ilikuwa haijaguswa. Alituletea maji kwanza, kama ilivyo desturi, halafu akaanza.

"Mmekuja kunirudishia gunia."

"Hapana, Mama. Tumekuja kukuuliza tu."

"Mimi najua yangu iko na takataka. Mkenya, wewe uliiuma ukakunja uso, watu waliniambia. Sasa mlitaka nifanye nini? Nipige fimbo, na mzee yuko hapa, udongo yake bado mbichi?"

Nilishusha bilauri. "Fimbo gani, Mama?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini, na ndivyo nilivyokuwa. Akaeleza polepole, kwa Kiswahili chake cha Uganda na Kiarabu kidogo, na Kiden akinisaidia kwa Kibari palipokwama. Soya inapurwa. Unarundika mimea iliyokauka juu ya ardhi ngumu, mchana, jua likiwa kali, vijana wanaizunguka na fimbo wanapiga, na kadiri ilivyo kavu ndivyo inavyopasuka upesi. Lakini penye matanga hakuna kupiga. Hakuna kutwanga kwenye kinu, hakuna kupura kwa fimbo, si kwa mfiwa wala kwa jirani wa upande ule, mpaka matanga yaondolewe. Kishindo kinamsumbua aliyelala. Na soya ile haikuwa na subira, maganda yalikuwa yameanza kufunguka yenyewe shambani.

"Basi watu wa matanga wakakaa hapa," alisema, akionyesha uwanja, "kila mtu na ungo yake. Wanaimba nyimbo za kanisa, wanapukuchua kwa mkono. Asubuhi mapema, umande bado iko, ganda iko laini. Jua ikiwa kali tunaacha, tunapika. Kukausha, tulikausha hapo chini ya turubai, kwa sababu jua yote ilikuwa na viti ya watu. Ndiyo sababu ilichelewa. Ndiyo sababu hailii. Kama mnaleta maneno, leteni."

"Na wale wa ng'ambo ya barabara?" aliuliza Kiden.

"Wale? Wale walipiga mpaka soya inaruka barabarani, malori inakanyaga."

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Sijui kama niliaga. Kichwani mwangu nilikuwa jikoni Nakuru, naloweka maharagwe ya githeri, na kila mpishi anajua hili: ndani ya sufuria kuna maharagwe yanayovimba na kujikunja mapema, mengine bado hata hayajalowa, na ukiyatazama yale ya haraka unakuta ngozi yake ilishapasuka. Nilimshika Kiden mkono nikamvuta hadi kwenye kibanda cha chai barabarani, pale malori yanaposimama, nikaomba bilauri mbili za maji baridi. Mwenye chai aliuliza kama tuna homa. Katika bilauri moja nikatia mbegu za Mama Poni nilizobeba mfukoni kutoka ghalani, katika nyingine mbegu za jirani wa ng'ambo, zile nzuri, za njano, zinazolia. Tukaagiza chai, tukakaa tukizitazama. Madereva wakaja mmoja mmoja. Mmoja akauliza, "Dada, hii ni kamari ya wapi?" Mwingine akasema anaweka chai yake kwenye bilauri ya kulia.

Chai haikuwa imepoa. Mbegu nzuri zilianza kujikunja. Moja, kisha nyingine, ngozi inajikusanya kama kidole kilichokaa majini, kisha zote zikawa zinavimba, nyingine zinaachana vipande viwili. Za Mama Poni zimetulia chini ya bilauri, laini, zinang'aa kama zilivyoingia. Nilipiga ukelele, na madereva wakapiga ukelele nami bila kujua tunashangilia nini. Kumbe ndiyo hiyo! Soya si mtama. Ngozi yake ni nyembamba na mimba yake, pale mche unapochipukia, imekaa ukingoni tu, nje nje. Ikikauka kupita kiasi inakuwa kama kioo, na fimbo ikiishukia inapata nyufa ambazo jicho halioni na ulimi hausikii. Ukiipanda, maji yanaingia kwa fujo, inaoza. Tulikuwa tumewasifu watu kwa kuikausha ife. Kiden alikuwa anacheka na kulia, na nilipokuwa namdai sahani yangu ya samaki, maana haikuwa udongo mweusi, akanishika mkono.

"Mkenya," alisema. "Shamba la Mama Keji liko upande wa fimbo."

Tulirudi Juba. Mama Keji alikuwa ghalani, amekaa juu ya gunia lake mwenyewe, anachambua samaki. Kiden alimweleza. Hakubisha. Aliomba bilauri, akajaza maji mwenyewe, akatia mkono katika gunia alilokalia, akazitia mbegu zake mbili tatu, akaiweka sakafuni mbele yake akaendelea na samaki. Baada ya muda akaacha kula. Alizitazama mbegu zake zikijikunja. Nyuma ya mabati wauza samaki walikuwa wanabishana juu ya barafu.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ni yako, Mama."

"Niliwaambia ikauke mpaka ilie." Alipangusa mikono kwenye nguo yake. "Kumbe ilikuwa inalia kweli."

Kiden, ambaye alimpenda kuliko mimi, alijaribu kumwokoa. Alisema tuchanganye. Magunia ya Mama ndiyo mengi, ukiyatoa tutabaki na machache, Ustaz atasema hayatoshi. Tutie kidogo kidogo ndani ya mazuri, nani atajua. Mama Keji alimwangalia bila hasira.

"Ustaz hatajua," alisema. "Udongo itajua." Na akaita mwenye kinu cha kusaga. Soya yake yote, jasho lake la msimu mzima, ikageuka unga wa uji, na nyingine tuliikaanga na chumvi tukawapelekea wauza samaki, ambao walikula vizuri sana kwa watu waliosema imelogwa. Mimi nilikuwa nikiona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo, kwa kuwa ilikuwa haitaki kuondoka. Tulipima kila gunia lililobaki kwa bilauri. Tulijaza bilauri, tukamwaga, tukajaza tena, sakafu ikawa matope, Kiden akateleza akaanguka na gunia. Mpaka leo sijawahi kufanya kazi nyingine iliyonipa usingizi mtamu kama ile, na ndiyo maana sikuiacha. Mbegu ndizo zimenilisha na kunisomeshea watoto.

Ustaz alipoona bilauri alipendezwa, lakini hakuwa mtu wa kununua maji. Alisema, pandeni. Kama itaota sawasawa nachukua mbegu mlizonazo, hata zikiwa chache, na vijiji vya huku sitaviitia lori. Ikiwa na mapengo, tuagane vizuri. Mama Poni akasema tupande kwake. Matanga yalikuwa yameondolewa, na bustani ile kando ya kaburi, ambayo desturi ilikuwa imeikataza jembe muda wote ule, ilikuwa tayari kufunguliwa. Tuliipanda sisi wanawake wote, wa upande wa matanga na wa upande wa fimbo, mistari mirefu, na mvua, si ile kubwa bado, ikaja siku ile ile kana kwamba imetumwa. Siku za kungoja nilizila kucha zangu zote. Mama Keji hakutaka kusikia neno soya. Ukilitaja anakutuma mtoni.

Siku tuliyorudi barabara ilikuwa tope tupu, na Ustaz alikuwa ametangulia. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa katikati ya bustani, viatu vyake amevivua ameviweka pembeni, na sikuweza kuona anatazama nini. Nikateremka kabla gari halijasimama. Kiden akaniita mwendawazimu akateremka nyuma yangu. Na nikaiona. Mstari wa kwanza, wote. Wa pili, wote. Vichwa vya soya vimeinama bado, shingo zimepinda, kila kimoja kimebeba kipande cha udongo mgongoni kukitupa, na ukitazama kutoka mwanzo hadi mwisho udongo wote umepasuka kwa mistari iliyonyooka. Hakuna pengo. Nilipita mstari kwa mstari nikitafuta pengo, nikitaka nilione mimi kabla ya Ustaz, na halikuwepo. Ustaz alisimama, magoti yana tope, akasema, "Mama Keji, nachukua," na Mama Keji, mwanamke aliyetulisha mwaka mzima tukiwa tumesimama, akakaa chini hapo hapo kwenye matope na nguo yake nzuri. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani vilifika Nimule.

Ni Ustaz aliyeuliza. Alitaka kujua nani aliitayarisha mbegu hii, ili mwakani wote wafanye kama yeye. Hapo ndipo mimi na Kiden tulipotazamana, kwa sababu katika mbio zetu zote, za bilauri na madereva na kinu, hakuna aliyekuwa amerudi kumweleza Mama Poni sababu. Alijua tu kwamba mbegu yake chafu imekubaliwa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa bustani, karibu na kaburi, mikono ameifumbata. Kiden akamwendea, akamweleza kwa Kibari, taratibu: fimbo ndiyo iliyoua mbegu za wengine, na matanga ndiyo yaliyozuia fimbo. Kama mzee asingefariki wiki ile, na yake ingepigwa kama zote, na leo pasingekuwa na mbegu hata moja.

Mama Poni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliangalia mistari ile, akaangalia kaburi, akaangalia tena mistari, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Na mimi nalia kila siku ameniachia kazi peke yangu," alisema. "Kumbe mzee alikuwa bado analima."